Mguu wa Mulei na Katani ya Ndululu

Mulei wa Mbuvi alikuwa mchuuzi wa mbuzi hapa Zombe tangu mwaka ule wa njaa ndege zilipotumwagia mahindi kutoka juu, mpaka mwaka aliozikwa. Nilikuwa mke wake. Watu wengi wamesimulia habari ya mguu wake na wameikosea. Wengine wanasema aliombewa akapona. Wengine wanasema jirani yetu Ndululu alikuja usiku akafukua kitu chake. Hakuna kilichofukuliwa. Mimi ndiye niliyehesabu, kwa hivyo naandika mimi. Kalamu nilijifunza gumbaru, shule ya watu wazima, nikiwa tayari na wajukuu, na herufi zangu ni kubwa kama za mtoto, lakini hesabu nilikuwa nayo kabla ya mwalimu kuzaliwa.

Mulei alikuwa mtu wa miguu. Alinunua mbuzi hapa siku ya soko, watano, kumi, wakati mwingine ishirini, akawaswaga mpaka Kitui mjini. Siku mbili kwenda, siku moja na nusu kurudi, kwa akala, viatu vya mpira wa gurudumu. Malori yalipoanza kubeba mifugo alicheka. Alisema mbuzi aliyebebwa anafika akiwa amejikojolea na mnunuzi anamwona mgonjwa, lakini mbuzi aliyetembea anafika ameinua kichwa. Njiani alivuta tumbako. Zamani alisokota kwa gazeti, halafu akaanza za kununua, na moja ilikuwa ikiwashwa na nyingine. Alisema moshi unafukuza nzi. Mimi sikuwahi kuona nzi aliyefukuzwa.

Ndululu ndiye jirani aliyepakana nasi upande wa sokoni. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kuongea polepole, mwenye watoto saba. Mwaka wa themanini na sita alipanda katani kwenye mpaka wake, na ile katani ikaingia njiani kama hatua tatu. Mulei alisema njia ya mbuzi imebanwa. Wakapelekana kwa chifu, chifu akapima, katani ikarudishwa nyuma. Lakini siku hiyo Ndululu alikuwa ametamka mbele ya watu, "Tutaona kama mtapita hapa na raha." Neno lilitoka mdomoni kwa hasira na yeye akalisahau. Mulei hakulisahau.

Miaka miwili baadaye, baada ya mavuno, niliona Mulei ana tabia mpya. Anatoka nyumbani na mbuzi, anatembea vizuri, akifika kwenye kona ya katani ya Ndululu anainama kushika kwato la mbuzi. Analitazama, analigeuza, analiangalia tena. Halafu anaendelea.

Siku ya tatu nikamfuata. "Huyo mbuzi ana nini?"

"Ana jiwe."

"Jana pia ilikuwa jiwe."

"Mama Kaluki, hizi mbuzi ni zako ama ni zangu?"

"Ni zako. Jiwe ndilo nauliza ni la nani."

Akamswaga yule mbuzi mbele. Lakini jioni hiyo alikaa, akavuta sigara mbili, akaniambia. Alisema akifika pale kwenye kona, pale pale, nyama ya nyuma ya mguu wa kulia inakamatwa, inakazwa kama kamba ya kufunga mzigo. Akisimama kidogo inaachilia. Ni pale tu. Nyumbani haumwi, akiketi haumwi.

"Ndululu amezika kitu," akasema.

Sitadanganya. Hata mimi niliamini. Kwa mwezi mzima nilikuwa nikipita ile kona kando kando kwenye majani, na mke wa Ndululu akinisalimu naitikia nusu.

Mulei akabadilisha njia. Akazunguka nyuma, kwa njia ya korongo, mbali kabisa na Ndululu. Siku ya kwanza akarudi akiwa amekasirika zaidi. Mguu ulikuwa umekamatwa kule chini kwenye korongo.

"Amezika huko pia," akasema.

"Ndululu amekuwa na kazi nyingi," nikasema. "Na shamba lake hajapalilia."

Hapo ndipo nilianza kuwa na shaka, lakini shaka yangu haikuwa na miguu ya kusimama, kwa hivyo nikanyamaza. Mwaka ukapita, na mwingine. Mulei akawa anauza mbuzi kwa watu wa malori, kwa bei yao, kwa sababu Kitui hawezi tena kwenda. Halafu mwaka wa tisini na moja kikaja kitu kilichomtisha kweli. Mguu ulianza kukamatwa kabla ya kona. Kwanza kwenye mkorosho ulio kabla ya kona, halafu kwenye mbaazi zetu wenyewe.

"Inatembea," akaniambia. "Ile dawa inatembea inakuja nyumbani."

Akaenda kwa mganga bila kuniambia, kwa sababu anajua mimi ni wa kanisa. Mganga akamchanja kwa wembe, chale tisa juu ya kifundo cha mguu, akapaka unga mweusi. Na Mulei akaenda kwa wazee akaomba kithitu.

Anayetoka mbali nitamweleza. Kithitu ni kiapo chetu Wakamba, na ndilo pia jina la kile kitu kinachoapiwa, na hakichezewi. Wawili wenye kesi wanaapa mbele ya wazee, na yule aliyeapa uongo, watu wa nyumba yake wanakufa, mmoja mmoja. Nyumba zilizoapishana hazishiki tena moto mmoja wala chungu kimoja, mpaka wajukuu. Kanisa linamfukuza anayeapa. Pasta alikuja kwetu mara mbili, Mulei akatoka kwa mlango wa nyuma. Tulifikiri Ndululu atakataa kuapa, kwa sababu ya uzee wake wa kanisa. Ndululu alisema, "Niapisheni. Nimechoka kuitwa mchawi na mtu anayenuka moshi." Wazee wakaweka siku: Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane.

Mimi nilihesabu watu. Nyumba ya Ndululu watu tisa. Nyumba yangu, na watoto walioolewa, kumi na mmoja.

Siku chache kabla ya siku hiyo niliona Mulei anafukuza nzi mguuni. Zile chale hazikuwa zimefunga. Mbili zilikuwa zimeungana zikawa kidonda, na mguu wenyewe, nilipoushika, ulikuwa baridi kama chupa iliyolala nje. Nywele za mguu huo zilikuwa zimeisha. Nikampeleka zahanati kwa nguvu. Muuguzi pale alikuwa msichana anayeitwa Nduta, wa kutoka kwa Wakikuyu, mdogo lakini mkali. Aliweka vidole juu ya mguu wa Mulei, akatafuta mapigo ya damu, akatafuta tena, akahamia mguu mwingine.

"Mzee, ukitembea unaumwa wapi?"

"Kwa katani ya Ndululu," akasema Mulei.

Nduta akanitazama mimi. Nikamwambia, "Nyuma ya mguu." Akaandika karatasi. Alisema kuna daktari amekuja Kitui wiki moja na mashini, anatafuta watu wenye miguu ya namna hii mapema kabla haijaharibika. Twende Alhamisi.

"Jumamosi nina kesi," akasema Mulei.

"Alhamisi iko kabla ya Jumamosi," akasema Nduta.

Tukapanda basi. Tuliposhuka Kitui, kutoka stendi kwenda hospitali tukapanda kilima kwa mguu. Nina tabia ya kuhesabu hatua, hata shamba letu la mtama nililipima hivyo. Sikuwa na nia yoyote, nilihesabu tu. Mulei akasimama mbele ya duka la fundi cherehani, akajifanya anatazama shati.

"Unanunua shati?"

"Natazama."

Mguu ulikuwa umekamatwa. Hatua mia tatu na sita. Akapumzika, tukaenda tena, akasimama kwenye ukuta wa posta. Mia mbili tisini na nane. Nikasimama naye.

"Baba Kaluki," nikamwambia, "nyumbani kwetu mpaka mbaazi ni hatua ngapi?"

"Nitajuaje?"

"Ni mia tatu. Nilizipima nikipanda. Sasa niambie, Ndululu ana shamba hapa posta?"

Aliutazama ule ukuta. Halafu akasema ni kilima ndicho kinamchosha. Huyo alikuwa Mulei.

Hospitalini tuliambiwa mashini iko katika chumba cha kuangalia wajawazito, kwa sababu ndicho chumba chenye kitanda na pazia. Benchi lilikuwa limejaa wanawake wenye matumbo. Mulei alisimama mlangoni kama mbuzi anayekataa kuvuka maji. Hapo nilijua anaweza kurudi, na akirudi, ni kithitu.

Mwanamke mmoja mnene akamsogezea nafasi. "Karibu, baba. Yako ni ya mwezi wa ngapi?"

Wote wakacheka. Mulei akawatazama mmoja mmoja, halafu akaketi.

"Yangu ni ya miaka mitatu," akasema, "na iko mguuni. Nyinyi mtazaa mniache hapa."

Wakacheka mpaka mmoja akashika kiuno. Nilimshukuru yule mwanamke moyoni, na mpaka leo simjui jina.

Daktari aliitwa Wahome. Alikuwa kijana mwenye miwani na hakuwa na haraka. Alimlaza Mulei, akamfunga mkanda wa kupima presha mkononi, halafu akaufunga kwenye kifundo cha mguu, kitu ambacho sijawahi kuona. Akapaka mafuta baridi na kuweka kalamu ndogo yenye waya. Kutoka kwenye kisanduku ikatoka sauti. Mkononi ilikuwa sauti kubwa, inapiga kama mtu anayetwanga. Kwenye mguu wa kulia ilikuwa kama upepo unaopita chini ya mlango. Daktari akaandika. Hakumchoma sindano, hakumkata, hakumtoa damu. Mulei alikuwa akingoja wembe wakati wote, nilimwona anavyokaza meno.

Halafu daktari akachukua ile mashini ya kutazama watoto tumboni, akaipitisha juu ya paja. Kwenye kioo tukaona mambo ya kijivu kama kahawa iliyomwagika. Akatuonyesha kwa kidole.

"Huu ni mshipa unaopeleka damu mguuni. Unaona ni kama bomba. Hapa ni pana. Hapa, ona, kuta zimejaa uchafu mgumu, njia imebaki nyembamba. Ukiketi, damu kidogo inatosha. Ukitembea, mguu unataka damu nyingi, inakosa pa kupita. Ndiyo unaumwa. Ukisimama, deni la mguu linalipwa, maumivu yanaisha. Kwa hivyo utaumwa baada ya hatua zile zile, kila mara. Njia ikizidi kuziba, hatua zinapungua."

"Hata kwa posta?" nikauliza.

"Mama, hata kanisani."

Mulei alijiinua kwa kiwiko. Halafu akauliza, "Na huo uchafu, mtu anaweza kuuweka kwa njia? Nikaukanyaga?"

Daktari hakucheka, na kwa hilo nilimheshimu. "Mzee, huu umejipanga polepole, miaka ishirini au zaidi. Ni kitu gani kimekuwa kikiingia mwilini mwako kila siku miaka ishirini?" Alikuwa akitazama pakiti kwenye mfuko wa shati.

Mulei naye akautazama mfuko wake.

"Unataka kusema nimejiroga mwenyewe?"

"Mimi nasema sigara. Hilo neno lingine ni lako."

Halafu daktari akapitisha mashini kwenye mguu wa kushoto, ule ambao haujawahi kuuma hata siku moja. Akakaa juu ya mahali pamoja, akarudia. Akasema hapa pia pameanza, kidogo tu, na huu ndio anafurahi kuuona, kwa sababu umeonekana kabla haujasema. Akaeleza masharti. Tumbako iishe kabisa. Kidonda kisafishwe kila siku na asichanjwe tena na mtu yeyote. Vidonge. Na atembee kila siku: mguu ukikamatwa asimame, ukiachilia aendelee, asione haya. Akifuata, damu inaweza kujitafutia vijia vya pembeni. Asipofuata, kidonda kitakuwa cheusi na mguu utakatwa, na wa pili utafuata. Akampa karatasi ndogo yenye picha ya mshipa, nyeusi na kijivu.

Ijumaa tulikuwa nyumbani. Nikamwambia aende kwa Ndululu kabla ya jua kuchwa, aondoe kesi.

"Nimwambie nini? Kwamba nimelala kwa kitanda cha wanawake nikaonyeshwa bomba?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Mama Kaluki, miaka mitatu nimesema mbele ya watu."

"Basi kesho utasema mbele ya hao hao."

Sikumpikia jioni hiyo. Alikula viazi baridi.

Jumamosi wazee walikaa uwanja wa josho la ng'ombe. Mkubwa wao alikuwa Mwangangi, mzee wa sauti nyembamba na saa kubwa ya mkononi. Kithitu chenyewe kilikuwa kimeletwa, kimefunikwa, na hakuna aliyekitazama. Ndululu alikuwa amevaa koti lake la Jumapili. Mulei akasimama. Halafu akasema anaondoa kesi, mguu una ugonjwa wa mshipa, amepimwa, hii hapa picha.

Karatasi ikazunguka. Mzee mmoja aliishika kichwa chini.

Nilifikiri imeisha. Ndululu akainuka.

"Miaka mitatu umeniita mchawi," akasema kwa ule upole wake. "Binti yangu alikuwa ameposwa, wale watu wakarudi nyuma. Leo unaniletea karatasi nyeusi. Hii inaweza kuwa picha ya usiku. Mimi sitaki huruma yako, Mulei. Ama tuape leo, ama unionyeshe mimi, kwa macho yangu, kwamba si katani yangu."

Wazee wakanung'unika kwamba ana haki. Mulei alifungua mikono, hana la kuonyesha. Na mkono wa mtu mmoja ulikuwa tayari umekwenda kwenye kile kitu kilichofunikwa.

Mwanamke hasemi pale. Nikasema. "Atembee upande ule mwingine, barabara ya mashariki, ambako Ndululu hana hata kichaka. Nitahesabu kwa sauti. Mia tatu, na kidogo. Akipita salama, apeni."

"Nani amempa huyu ruhusa?" mzee mmoja akauliza.

"Hakuna," nikasema. "Moja."

Mulei alianza kutembea kwa sababu nilikuwa nimeshaanza. Ndululu alikwenda ubavuni mwake, wazee nyuma, na nyuma ya wazee soko zima. Sitini. Mia moja. Barabara ilikuwa tambarare, alitembea vizuri, kifua mbele, mtu wa Kitui wa zamani. Mia mbili. Watu walianza kunong'ona kwamba mzee hana ugonjwa wowote. Mia mbili themanini nikaona taya lake limekaza.

Mia tatu. Hakusimama.

Mia tatu na kumi. Hakusimama. Nilimtazama na nikaelewa. Miaka mitatu alikuwa ameficha kusimama kwake asionekane na mtu mmoja, na sasa watu mia wanamtazama. Alikuwa anatembea kwa ajili ya macho ya watu. Kila hatua aliyoongeza ilikuwa inapeleka kwenye kiapo watu ishirini, yeye akiwemo, na alijua, na alikwenda. Jasho lilimshuka masikioni. Mia tatu thelathini. Ningeweza kumwambia simama. Sikusema. Nilihesabu, kwa sababu nilikuwa nimesema nitahesabu.

"Mulei," Ndululu akasema chini chini, "mguu unaburuta."

"Nyamaza."

"Unaburuta, naona. Umekuwa mweupe vidoleni."

Mia tatu arobaini na tano. Arobaini na sita. Mia tatu arobaini na saba akasimama. Hakukuwa na kwato la kushika wala shati la kutazama. Alishika bega la Ndululu kwa sababu ndilo lilikuwa karibu, akainamisha kichwa.

"Hapa," akasema. "Ni hapa. Siwezi."

Ndululu akatazama chini, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Hili ni shamba la nani?" akauliza.

"La Mwangangi," mtu akasema nyuma.

"Mimi sijazika kitu!" Mwangangi akapiga kelele kwa ile sauti nyembamba, na watu wakacheka mpaka wengine wakaketi barabarani. Hata Mulei, akiwa amekunja uso kwa maumivu.

Mwangangi akatazama saa. Baada ya dakika nne mguu ukaachilia. Tukarudi, nikihesabu, na Mulei akasimama tena kwenye mia mbili tisini, safari hii bila kungoja kuburuta. Wazee wakakibeba kithitu wakakirudisha kikiwa kimefunikwa. Wakaamua Mulei atoe mbuzi mmoja kwa Ndululu kwa kumwita mchawi, na Ndululu achague mwenyewe. Ndululu akachagua beberu mwekundu, mkubwa kuliko wote. Mulei alilalamika juu ya huyo beberu mpaka kufa. Alisema mtu wa kanisa angechukua wa katikati.

Tumbako aliiacha kwa shida. Siku arobaini hakuna aliyeweza kuongea naye, na mara mbili nilimkuta nyuma ya ghala akinusa pakiti tupu. Kidonda kilifunga baada ya miezi mitano. Alitembea kila asubuhi, akasimama hadharani, akaendelea. Mwaka uliofuata alifika kona ya katani na kuipita. Mwaka wa tisini na tatu alifika sokoni akisimama mara moja tu. Kitui kwa mguu hakwenda tena. Daktari Wahome alirudi na mashini, akapima, akasema mguu wa kushoto umebaki vile vile. Siku hiyo Ndululu alikuja nasi kwa basi, akajilaza naye apimwe, akaambiwa mishipa yake ni safi kama ya kijana. Alitangaza habari hiyo njia nzima ya kurudi, na tena Jumapili kanisani, kwenye matangazo.

Mulei alikufa mwaka wa tisini na nane, wakati wa mvua ile nyingi, kwa malaria. Miguu yote miwili ilikuwa mizima. Ndululu ndiye aliyeomba kaburini, na maombi yake yalikuwa marefu kuliko yaliyohitajika.